Karatasi ya siku ya kwanza: mafunzo kutoka madai ya fidia za walioumia kazini

Fomu ya ajali kazini huwa na kisanduku kimoja kidogo: "Eleza jinsi ajali ilivyotokea." Mistari mitatu, ikizidi sana minne. Aliyeumia mgongo huandika, au huandikiwa na msimamizi wake, "Aliumwa mgongo akiwa kazini." Miezi minane baadaye sentensi hiyo inasomwa kwenye kikao cha usuluhishi, na upande wa bima unauliza swali moja tu: ajali iko wapi hapo? Kuumwa mgongo ni hali. Mtu anaweza kuumwa mgongo kwa umri, kwa uzito, kwa kulala vibaya.

Kisanduku hichohicho, kwa mistari ileile, kingeweza kusema hivi: "Saa 4:20 asubuhi, ghala namba 2, nikishusha kreti ya kilo 40 hivi kutoka rafu ya juu, mguu wa kulia uliteleza kwenye mafuta yaliyomwagika sakafuni. Nilijipinda nikiwa bado nimeshika kreti, nikasikia maumivu makali kiunoni kushoto, yakashuka hadi nyuma ya paja. Dereva wa foklifti aliona." Kuna saa, mahali, kitendo, uzito, kilichosababisha, kiungo kilichoumia na shahidi. Daktari atakayesoma maneno haya anaweza kusema kama jeraha analoliona kwenye picha linalingana na tukio. Sentensi ya kwanza haimpi pa kuanzia.

Ndiyo maana wakili mzoefu akipokea faili hakimbilii vifungu vya sheria. Anatafuta karatasi tatu: ripoti ya ajali, maandishi ya daktari wa kwanza, na hati za mshahara. Zikipatana, dai lina miguu. Zikigongana, kazi inayobaki ni ya kuziba nyufa, na nyufa nyingine hazizibiki.

Jambo linalowapotezea watu muda mwingi ni kudhani kwamba lazima wathibitishe kosa la mwajiri. Mafuta yale ya sakafuni hayatajwi ili mtu alaumiwe, yanatajwa ili ieleweke mwili uliumiaje. Zamani lawama ilikuwa ndiyo kesi yenyewe. Mwaka 1837 mahakama ya Uingereza, katika shauri la Priestley dhidi ya Fowler, ilimnyima fidia mfanyakazi wa muuza nyama aliyeumia gari lililozidishiwa mzigo lilipovunjika. Kutokana na shauri hilo likakua fundisho kwamba mwajiri hawajibiki kwa makosa ya mfanyakazi mwenzako. Ukijumlisha utetezi wa kwamba uliijua hatari ukaikubali, na ule wa kwamba na wewe ulichangia uzembe, walioshinda walikuwa wachache. Ujerumani ilibadili mkondo mwaka 1884 kwa sheria ya bima ya ajali kazini, Uingereza ikafuata mwaka 1897 kwa sheria yake ya fidia kwa wafanyakazi. Mapatano yaliyozaliwa wakati ule ndiyo yanayotawala hadi leo katika nchi nyingi: mfanyakazi analipwa bila kuuliza nani alikosea, na kwa upande wake anaacha haki ya kumshtaki mwajiri kwa fidia ya kawaida ya madhara. Kwa hiyo maumivu na mateso, ambayo mahakama ya madai ingeyalipia, kwa kawaida hayamo kwenye fidia hii. Yaliyomo ni matibabu, sehemu ya mshahara wakati huwezi kufanya kazi, malipo ya ulemavu wa kudumu, na malipo ya wategemezi mtu akifa. Mkataba namba 121 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1964, unaweka kipimo cha asilimia 60 ya mapato kwa mfanyakazi mwenye mke na watoto wawili anaposhindwa kufanya kazi, na asilimia 50 kwa mjane mwenye watoto wawili. Nchi nyingine ziko juu ya hapo, nyingine hazijauridhia kabisa.

Mambo ya kuthibitisha basi ni matatu: kwamba wewe ni mfanyakazi, kwamba tukio lilitokana na kazi na lilitokea ukiwa kazini, na kwamba jeraha lako lilisababishwa na tukio hilo. Ulevi, kujiumiza kwa makusudi na ugomvi wa binafsi usiohusu kazi ndizo hoja za kawaida za mwajiri au bima kukwepa kulipa. Anayezitumia ndiye mwenye kuzithibitisha, na mara nyingi harufu ya pombe peke yake haitoshi bila kuonyesha kwamba ulevi ndio ulioleta ajali.

La kwanza, kwamba wewe ni mfanyakazi, linaonekana jepesi hadi mwajiri atoe karatasi iliyoandikwa "mkandarasi huru". Msibabaishwe na kichwa cha karatasi. Wanaoamua huangalia nani alikupangia saa, nani alikuambia kazi ifanywe namna gani, vifaa ni vya nani, kama ungeweza kumtuma mtu mwingine badala yako, na kama ulikuwa unalipwa kwa siku au kwa kazi nzima. Meseji za msimamizi zinazosema "kesho uwe hapa saa 12 kamili, ukichelewa usije" zina uzito kuliko mkataba wa kurasa sita. Vibarua wengi hawajui kwamba sheria za nchi nyingi zinawahesabu. Na aliyevuka mpaka kutafuta kazi ajue kuwa mkataba namba 19 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1925, unazitaka nchi zilizouridhia ziwatendee raia wa nchi nyingine zilizouridhia sawa na raia wao katika fidia ya ajali.

Safari ya kutoka nyumbani kwenda kazini ina utata wake. Ujerumani inaihesabu njia hiyo ndani ya kinga, mahali pengi haihesabiwi, isipokuwa kama gari ni la mwajiri, au umetumwa, au kazi yenyewe ni ya kuzunguka. Kwa hiyo kwenye maelezo ya ajali ya barabarani, andika nani aliyekutuma, uende wapi, na gari ni la nani. Bila hayo dai hukataliwa kwa barua ya mistari miwili.

Halafu kuna saa mbili zinazotembea kwa pamoja, na watu huiona moja tu. Ya kwanza ni muda wa kumjulisha mwajiri. Ya pili ni muda wa kuwasilisha dai lenyewe kwenye mfuko, bima au ofisi ya kazi. Jimbo la California, Marekani, linakutaka umjulishe mwajiri ndani ya siku 30. Kenya inamtaka mwajiri atoe taarifa kwa mkurugenzi wa serikali anayesimamia madai haya ndani ya siku 7 tangu ajulishwe, na dai liwasilishwe ndani ya miezi 12. Ujerumani mwajiri ana siku 3 kutoa taarifa pale mfanyakazi anaposhindwa kufanya kazi kwa zaidi ya siku 3. Kosa tunaloliona kila mara ni mtu kuamini kwamba kwa kuwa mwajiri ameandika tukio kwenye kitabu cha ajali, dai limeshafunguliwa. Halijafunguliwa. Kitabu cha ajali kinakaa kwenye droo ya mwajiri. Uliza namba ya dai. Kama hakuna namba, hakuna dai.

Kumjulisha mwajiri kwa mdomo kunakubalika sehemu nyingi, ila kuthibitisha mdomo ni shughuli nyingine. Tuma ujumbe siku hiyohiyo, hata wa simu, hata mfupi: "Bosi, kama nilivyokwambia saa tano, niliteleza ghala namba 2 nikishusha kreti, kiuno kinauma, naenda hospitali." Akijibu "pole", umepata ushahidi kwamba alijua. Piga picha ya skrini na uitume kwa mtu wa nyumbani, maana simu za kazini huchukuliwa siku ya kuachishwa.

Sasa hospitali, ambako madai mengi huharibikia. Mhudumu wa mapokezi anauliza, "Umefanyaje?" Unajibu, "Nimeanguka." Anaandika: kaanguka. Wapi, saa ngapi, ukifanya nini, hakuna. Wakati mwingine msimamizi aliyekusindikiza amekwisha kukunong'oneza garini: sema umeumia nyumbani, tutakulipia sisi, tusisumbuane na makaratasi. Bili ya kwanza italipwa kweli. Ya tatu haitalipwa, na kufikia hapo kuna karatasi ya hospitali yenye tarehe na muhuri inayosema uliumia nyumbani. Kuibatilisha kunahitaji shahidi, na mara nyingi shahidi huyo bado anafanya kazi kwa mwajiri yuleyule. Kabla hujaondoka dirishani, omba usomewe kilichoandikwa. Kama kimekosewa, omba kirekebishwe palepale na kisainiwe. Wahudumu wengi hufanya hivyo bila tabu siku ya kwanza, baada ya miezi sita wanaogopa.

Taja kila kiungo kilichoumia, hata kile kinachouma kidogo. Aliyevunjika mkono hulalamikia mkono, goti lililogonga sakafu linasahaulika hadi mkono upone. Goti likitajwa kwa mara ya kwanza wiki ya tisa, bima itasema limeumia kwingine. Na usiruke miadi. Pengo la mwezi mzima bila matibabu husomwa kama kupona. Kama ulikosa nauli au kliniki ilifungwa, andika sababu na umwambie daktari aiweke kwenye faili.

Jeraha la zamani usilifiche. Hili tunalirudia kwa sababu silika ya kila mtu ni kulificha. Rekodi za zamani zitapatikana, na siku zitakapopatikana hutapoteza hoja ya mgongo tu, utapoteza kuaminika kwa kila ulichosema. Ilhali sehemu nyingi kazi kuchochea tatizo lililokuwepo ni jeraha linalolipwa, pengine kwa kupunguziwa sehemu. Mtu aliyefanya kazi miaka minne bila siku moja ya mapumziko ya mgongo, kisha akashindwa kuinuka baada ya kreti moja, ana hoja nzuri. Rejesta ya mahudhurio ya miaka ile minne ndiyo kielelezo chake.

Magonjwa yatokanayo na kazi yanataka subira ya aina nyingine, kwa sababu hakuna siku ya ajali. Silikosisi ya kawaida, ugonjwa wa mapafu, hujitokeza baada ya miaka kumi au zaidi ya kuvuta vumbi la mawe. Saratani inayotokana na asbesto, madini ya nyuzi yaliyotumika sana kwenye ujenzi, huchukua miongo. Uziwi wa kelele huingia polepole, na mwenyewe huwa wa mwisho kuujua. Muda wa kudai kwa magonjwa haya kwa kawaida huanza kuhesabiwa pale ugonjwa ulipotambuliwa, au pale ulipopaswa kujua kwamba unatokana na kazi. Kwa hiyo tarehe ya barua ya daktari inayosema hivyo ni ya kutunzwa kama hati ya nyumba. Shirika la Kazi Duniani lina orodha ya magonjwa ya kazi iliyoambatanishwa na pendekezo namba 194 la mwaka 2002, ikarekebishwa mwaka 2010. Nchi nyingi zina orodha zao. Ugonjwa ukiwa kwenye orodha ya nchi na kazi yako ikiwa ile iliyotajwa, mara nyingi inachukuliwa kuwa kazi ndiyo iliyouleta, hadi mwajiri athibitishe vinginevyo. Ukiwa nje ya orodha, mzigo unarudi kwako. Andaa jedwali: mwajiri, mwaka hadi mwaka, kazi gani, mashine au kemikali gani, saa ngapi kwa siku, kinga gani ilitolewa. Ni kazi ya jioni mbili, na hakuna wakili anayeweza kuikumbuka kwa niaba yako.

Hesabu ya pesa ina milango miwili ambayo hela hupotelea kimyakimya. Mlango wa kwanza ni mshahara uliotumika kupigia hesabu. Mwajiri akijaza fomu huandika mshahara wa msingi. Sheria nyingi zinataka mapato halisi: muda wa ziada unaofanywa mara kwa mara, posho za kudumu, wakati mwingine thamani ya nyumba au chakula. Posho za kurudisha gharama, kama nauli ya safari ya kikazi, hazihesabiwi, wala muda wa ziada wa mara moja moja. Mlango wa pili ni asilimia ya ulemavu.

Tuweke hesabu mezani. Chukua mfumo unaolipa ulemavu wa kudumu kwa kuzidisha mapato ya miezi 96 kwa asilimia ya ulemavu, kama ulivyo wa Kenya. Tuseme mshahara wa msingi ni mafungu 10 kwa mwezi, na muda wa ziada wa kila mwezi pamoja na posho ni mafungu 4. Daktari wa upande wa bima anatoa ulemavu wa asilimia 12, daktari wako asilimia 20. Kwa msingi peke yake na asilimia 12: 10 mara 96 mara 0.12, mafungu 115.2. Kwa mapato kamili na asilimia 20: 14 mara 96 mara 0.20, mafungu 268.8. Jeraha ni lilelile, mtu ni yuleyule, na kiasi cha kwanza hakifiki nusu ya cha pili. Hati za mshahara za miezi 12 ndizo zinazofunga mlango wa kwanza. Kama hulipwi kwa hati, taarifa za benki au za pesa za simu zinafaa.

Mlango wa asilimia ni mgumu zaidi kwa sababu vizingiti vimejificha humo. Afrika Kusini ulemavu hadi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo, ukizidi hapo ni pensheni. Ujerumani pensheni ya ajali huanza pale uwezo wa kufanya kazi ulipopungua kwa asilimia 20 au zaidi na hali ikaendelea kupita wiki 26. Kwa hiyo mvutano wa asilimia 28 na 31 unaweza kuwa mvutano wa malipo ya mara moja na malipo ya maisha. Usikubali kupimwa mapema. Ulemavu wa kudumu hupimwa baada ya hali kutulia, yaani daktari anapoona matibabu zaidi hayatabadilisha mengi. Anayepimwa wakati plasta imetoka jana hupewa namba ya kubahatisha, kisha namba hiyo inamfuata.

Daktari aliyechaguliwa na bima hakutibu, anakukagua. Nenda, maana kugoma kwenda kunaweza kusimamisha malipo. Fika mapema na uwe mkweli kwa pande zote mbili: usikuze, usijikaze. Wanaojikaza ndio wengi, na hasa wanaume. Akiulizwa "unaweza kuinama?" anajibu "naweza", kwa sababu anaweza, mara moja, kwa maumivu, kisha analala siku nzima. Jibu kamili ni: naweza mara moja, sikai nimeinama zaidi ya dakika moja, na usiku silali. Ukitoka, andika alianza saa ngapi, alimaliza saa ngapi, alipima nini kwa mikono yake na nini hakukigusa. Ukaguzi wa dakika saba uliozaa ripoti ya kurasa kumi ni jambo ambalo wakili wako atataka kulijua.

Kazi nyepesi ndiyo mtego wa katikati. Mwajiri anakuita urudi "kazi nyepesi", ukikataa malipo ya muda yanakatwa, ukikubali unajikuta unabeba tena. Omba ofa iandikwe: kazi gani, saa ngapi, uzito wa juu kiasi gani, kusimama muda gani. Mpelekee daktari wako karatasi hiyo, aseme ndiyo au hapana kwa maandishi. Ukifika ukakuta kazi ni nyingine, irekodi siku hiyohiyo. Ujue pia kwamba bima hukupiga picha ili ionyeshe umepona. Video ya sekunde ishirini ukimnyanyua mtoto haionyeshi saa mbili ulizolala baadaye. Mitandao ya kijamii ni hivyohivyo, harusi uliyocheza wimbo mmoja itachapishwa na mpigapicha kabla hujafika nyumbani.

Je, kila dai linahitaji wakili? Hapana, na wakili anayesema ndiyo bila kuangalia karatasi ni wa kuogopa. Kidole kilichokatwa kidogo, mwajiri amekiri, matibabu yamelipwa, umerudi kazini kamili ndani ya wiki mbili, jaza fomu mwenyewe. Tafuta msaada pale dai linapokataliwa au kunyamaziwa, pale ulemavu wa kudumu unapotajwa, pale asilimia zinapopishana, pale kuna mtu wa tatu aliyesababisha, pale kazi yenyewe iko hatarini, na kila mara kabla ya kusaini neno "kamili na ya mwisho", yaani kwamba hutadai tena. Msaada si lazima uwe wakili wa kulipwa. Chama cha wafanyakazi kikiwa na mtu wa madai huwa anazijua fomu hizi kuliko mawakili wengi. Vituo vya msaada wa kisheria na wasaidizi wa kisheria hufanya hatua za mwanzo vizuri, ilimradi wajue lini wakabidhi faili.

Ukimwendea wakili, muulize mambo ambayo watu huona haya kuyauliza. Amefanya madai mangapi ya namna hii, ukiacha ajali za barabarani? Nani hasa atashika faili, yeye au karani? Ada ni asilimia ngapi, na asilimia ya nini: ya kila kitu, au ya kile atakachoongeza juu ya ambacho bima imekwisha kukiri? Je, anakata na kwenye pesa za matibabu? Ripoti ya daktari bingwa, ambayo mara nyingi ndiyo gharama kubwa kuliko zote, analipa nani kwanza na inakatwa lini? Tukishindwa, nadaiwa nini? California ada ya wakili lazima iidhinishwe na jaji wa fidia na kwa kawaida haivuki asilimia 15. Kwingine hakuna breki hiyo, ndiyo maana mkataba wa ada uwe wa maandishi na nakala ibaki kwako. Kama anasita kukupa nakala, ondoka.

Mpelekee faili lililopangwa kwa tarehe, karatasi ya zamani juu: ripoti ya ajali, ujumbe kwa mwajiri, kila karatasi ya hospitali, hati za mshahara za miezi 12, kila barua ya bima pamoja na bahasha yake. Bahasha ni ya kutunza. Muda wa kupinga uamuzi ni mfupi, na mahali pengine huhesabiwa tangu barua ilipopokelewa. Muhuri wa posta umewahi kuokoa dai ambalo tarehe ya barua yenyewe ilikuwa imeliua.

Kinachofanywa na wakili mzuri mara nyingi ni barua moja kwa daktari. Daktari ameandika "huenda inahusiana na kazi", na "huenda" haitoshi pale sheria inapotaka uwezekano uzidi nusu. Wakili haombi daktari abadilishe maoni. Anamuuliza kwa usahihi: kwa kuzingatia maelezo ya ajali, picha ya kipimo cha tarehe fulani na historia ya mgonjwa, je, kuna uwezekano mkubwa zaidi kuliko kutokuwepo kwamba tukio lilisababisha au kuchochea hali hii, na kwa sababu gani za kitabibu? Jibu lenye "kwa sababu" ndilo linalosimama. Daktari anayeandika "naamini" bila sababu hubomolewa kwa maswali matatu.

Upande wa mtu wa tatu husahaulika sana. Mapatano ya kutomshtaki mwajiri hayamlindi mtengenezaji wa mashine iliyokosa kinga, wala dereva wa kampuni nyingine aliyekugonga ukiwa umetumwa. Dhidi ya hao unaweza kufungua shauri la kawaida, lenye maumivu na mateso ndani yake, na lenye muda wake tofauti wa kufungua. Mlipaji wa fidia atataka arudishiwe alichotoa kutoka kwenye utakachopata, kwa hiyo mashauri haya mawili yapangwe na mtu mmoja. Mashine usiruhusu itengenezwe kabla haijapigwa picha na kukaguliwa. Wakili huandika barua ya kuzuia isiguswe, na barua hiyo ina maana wiki ya kwanza tu.

Kuachishwa kazi kwa sababu umedai fidia ni shauri jingine kabisa, kwenye chombo kingine, mara nyingi lenye muda mfupi kuliko fidia. Watu hungoja fidia iishe ndipo waulize kuhusu kuachishwa, wakute mlango umeshafungwa.

Kuhusu kusaini: soma makubaliano ukitafuta mambo manne. Je, yanafunga matibabu ya baadaye, au malipo ya pesa tu? Je, yanataja viungo vyote au mgongo peke yake? Je, yanafuta na madai mengine dhidi ya mwajiri, kama malimbikizo ya mshahara na kuachishwa? Je, pesa italipwa lini, na ikichelewa kuna nini? Goti litakalohitaji kubadilishwa baada ya miaka kumi lina bei leo, na daktari anaweza kuikadiria. Mkupuo mnono unaofunga matibabu unaweza kuwa mwembamba kuliko malipo madogo yanayoyaacha wazi. Kama mfanyakazi amefariki, wategemezi ndio wanaosaini, na hapo vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa vya watoto ndivyo vinavyokawiza kila kitu. Anza kuvitafuta wiki ya msiba, hasa kama kuna mke zaidi ya mmoja au mtoto asiyeandikishwa.

Na faili lisitupwe baada ya malipo. Nchi nyingi huruhusu dai kufunguliwa upya hali ikizidi kuwa mbaya, kwa muda maalumu tangu malipo ya mwisho au uamuzi. Anayerudi akiwa na kipimo cha zamani na kipimo kipya, vyote vikiwa vimefanywa kwa kiungo kilekile, hupokelewa dirishani. Anayerudi na maumivu peke yake huambiwa alete kipimo cha zamani, na hospitali kwa kawaida imekwisha kukitupa.